Nambari ya Kwa Vonza na kufuli ya benki

UKIMWANDIKIA barua mwanao anayesoma katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kule Kwa Vonza, mwisho wa anwani utaandika Kitui na tarakimu tano: 90200. Je, msomaji, umewahi kuitazama nambari hiyo, au huinakili tu kwenye bahasha?

Chukua kalamu. Igawanye kwa 2 hadi ikatae, kisha kwa 5. Utasalia na 451, ambayo ni 11 mara 41. Basi 90200 imejengwa kwa 2 tatu, 5 mbili, 11 na 41, wala hakuna kingine ndani yake. Kutokana na vipande hivyo, zipo nambari 48 zinazoigawanya bila baki. Punje 90200 za ndengu zitawatosha sawasawa watu 8, 25, 41, hata 88. Ndugu watatu ndio watakaogombana, maana zitabaki mbili. (Wenzao wa Makueni, wenye 90300, wamewapita: wao wana vigawanyo 72!)

Sasa rudi nyuma hatua moja tu. 90199 haigawanyiki kwa chochote ila 1 na yenyewe. Hiyo ni nambari tasa. Utajuaje? Jaribu nambari tasa zote zilizo chini ya 301, nazo ni 62. Huna haja ya kwenda mbele zaidi, kwa kuwa 301 mara 301 ni 90601, imekwisha kupita. Kigawanyo kikubwa kingekuwa na mwenzake mdogo, na huyo ungalimkuta njiani.

Hiyo ni kazi ya jioni moja. Lakini fanya hivi nyumbani: mwambie kijana mmoja azidishe 271 kwa 331. Mara moja atakupa 89701. Kisha mpe mwingine 89701 peke yake, atafute ilikotoka. Huyo usimngojee na chai.

Kuzidisha ni rahisi, kuvunja ni taabu. Juu ya taabu hiyo Rivest, Shamir na Adleman wa chuo cha MIT, Marekani, walijenga kufuli ya siri mwaka 1977. Nambari yenye tarakimu 129 ilitangazwa, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeivunja. Ilivunjwa mwaka 1994, na watu wapatao 600 waliojitolea kompyuta zao, ikatoa nambari tasa mbili: moja ya tarakimu 64, nyingine ya 65.

Ndiyo maana kufuli za namna hiyo siku hizi aghalabu hutumia nambari za tarakimu 617. Mzazi anapofungua tovuti ya benki ili kulipa karo ya Kwa Vonza, huenda nambari kama hiyo ndiyo inayomthibitishia kwamba anazungumza na benki yenyewe, wala si na tapeli.