Je, wajua? Ritifaa ya Nyang'hwale huisimamisha kompyuta

Je, wajua kwamba jina la wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita, linaweza kuifanya kompyuta ikae ikingoja? Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta yenye Linux, andika echo Nyang'hwale, kisha bonyeza Enter. Badala ya kukurudishia jina, inakuletea alama moja tu, >, na kunyamaza. Haijaharibika. Imekutana na ritifaa, ile alama ya ' iliyo katikati ya jina, ikadhani umefungua nukuu, na sasa inasubiri uifunge.

Kanuni hiyo ni ya mwaka 1979, Stephen Bourne wa Bell Labs, Marekani, alipotoa programu yake ya kupokea amri. Mrithi wa programu hiyo, Bash, aliyeandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989, ndiye utakayemkuta ndani ya Ubuntu hadi leo. Amri unazoandika kwenye dirisha hilo ukiziweka kwenye faili moja, mstari chini ya mstari, kompyuta ikazitekeleza yenyewe kutoka juu hadi chini, tayari una skripti. Haidai shahada.

Kwa mwalimu wa TEHAMA wa ukanda wa dhahabu, hiki ni chombo cha kazi hasa. Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa: huko watu huhama wakifuata machimbo, mtoto akaingia kidato cha pili katikati ya muhula na mwingine akaondoka bila kuaga. Orodha ya wanafunzi haitulii. Kufungua akaunti moja moja, kuipa nywila, kutengeneza folda, kufuta za waliohama, ni kazi ya kummalizia mtu wikiendi. Hata mipaka nayo huhama. Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012, wilaya ya Bukombe ilitolewa Shinyanga ikaingizwa Geita, na mstari mmoja ungetosha kusahihisha orodha nzima ya shule:

sed -i '/Bukombe/s/Shinyanga/Geita/' shule.csv

Maana yake: kila mstari wenye Bukombe, toa Shinyanga, weka Geita.

Lakini anayeanza kujifunza Usukumani atakutana na jambo ambalo vitabu vingi vya kigeni havimwambii. Tuseme ameandika hivi:

for jina in Ng'wandu Ng'wigulu
do
echo "$jina"
done

Wanafunzi wawili, ritifaa mbili. Safari hii kompyuta hailalamiki wala haingoji. Ritifaa ya kwanza imefungua nukuu, ya pili imeifunga, na kila kilicho katikati, pamoja na nafasi, kimekuwa kitu kimoja. Jibu ni mstari mmoja: Ngwandu Ngwigulu. Watoto wawili wamekuwa mmoja, na ritifaa zao zimepotea. Kosa la kimya namna hii ni baya kuliko lile la kusimama, kwa sababu hakuna wa kukushtua.

Wapo wanaoona dawa ni kuzifuta ritifaa kwenye majina. Siafiki hata kidogo. Jina la mtoto libaki kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Skripti ndiyo ijirekebishe. Majina yawekwe kwenye faili lao, skripti iyasome kwa amri ya read -r, na kila inapoyataja iyatie ndani ya alama mbili za kunukuu: "$jina". Hapo ritifaa ni herufi tu kama nyingine. Akaunti yenyewe ipewe namba ya usajili wa mwanafunzi ikitanguliwa na herufi, maana Linux kwa kawaida hukataa ritifaa kwenye jina la akaunti, na jina kamili liandikwe pembeni kwa chaguo la -c la amri ya useradd. Angalia pia orodha iliyochapwa kwenye Word: mara nyingi huigeuza ritifaa ikawa ya kujipinda, na kwa kompyuta huyo ni Ng'wandu mwingine kabisa.

Kabla ya kuiachia skripti ifungue au kufuta chochote, tanguliza neno echo mbele ya amri. Itakuonyesha inachokusudia kufanya bila kukifanya. Soma yote, ndipo uliondoe.

Kunakili kazi za wanafunzi kila siku waachie cron, programu inayoendesha amri kwa saa uliyopanga. Ila cron haifidii: umeme ukikatika saa kumi na wewe ulipanga saa kumi, nakala ya siku hiyo haipo. Kwenye maabara ambayo umeme si wa uhakika, sakinisha anacron. Hiyo huangalia lini kazi ilifanyika mara ya mwisho, na kompyuta ikishawaka, huifanya iliyorukwa.