Mgonjwa wa Saratani Atembee

Tuseme mama yako amerudi Tarime kutoka Mwanza. Alikuwa katika hospitali ya Bugando. Anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Hapa Tanzania, saratani hiyo huwapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine.

Mama amekonda na amechoka. Watu wa nyumbani wanamhurumia. Wanamwambia, "Mama, lala upumzike." Jembe wamemnyang'anya. Ndoo wamemnyang'anya. Hata kuku hawalishi tena.

Huruma hiyo ni nzuri, lakini inaweza kumdhuru.

Zamani hata madaktari walishauri hivyo. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walitoa shauri jingine. Walisema mgonjwa wa saratani asikae bure. Auzoeshe mwili kujongea, hata wakati wa matibabu.

Kwa nini? Dawa za saratani ni kali. Zinaua saratani, lakini zinaumiza pia mwili mzima. Damu inaweza kupungua. Mionzi nayo huchosha. Kwa hiyo mgonjwa huchoka hata kama hakufanya kazi. Uchovu huu hauishi kwa kulala. Mtu akilala siku nyingi, misuli hulegea. Misuli ikilegea, hata kwenda chooni kunamchosha. Basi hulala zaidi, na misuli hulegea zaidi. Kutembea kidogo kidogo hupunguza uchovu huo. Huzuni nayo hupungua.

Labda utauliza, "Mazoezi si mambo ya askari na wacheza mpira? Mama amelima tangu utoto!" Swali lako ni zuri. Mama hatakiwi kukimbia. Siku ya kwanza atembee dakika tano tu, mpaka kwa jirani na kurudi. Akichoka, akae. Wiki ya pili aongeze kidogo. Polepole atafika nusu saa, siku tatu kwa wiki. Kama ni Mugumu kwenye jua kali, atembee asubuhi au jioni. Kama ni Tarime kwenye vilima, aanze na njia ya tambarare. Siku mbili kwa wiki akae kwenye kiti, asimame, akae tena, mara kumi. Mapaja yatapata nguvu. Nenda naye, mzungumze njiani.

Lakini kubeba ndoo ya lita 20 si mazoezi ya mgonjwa. Hiyo ni kazi nzito. Mpokee.

Kabla ya kuanza, amwulize daktari. Akisikia kizunguzungu, kifua kikiuma, au damu ikitoka, asifanye mazoezi. Amwone daktari. Mfupa ukianza kuuma, amweleze daktari pia. Akipata homa wakati anatumia dawa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kesho.

Wala mazoezi hayaponyi saratani. Tarehe ya kurudi Bugando ikifika, mama aende. Safari ni ndefu. Basi likisimama Bunda, msaidie kushuka, anyooshe miguu.