Wimbi Lililokuja Bila Hodi

Kuna video moja pengine ulishaiona ikizunguka mtandaoni. Ni usiku wa Jumamosi, Desemba 22, 2018. Bendi ya Seventeen iko stejini katika ufuo wa Tanjung Lesung, kisiwa cha Java, Indonesia. Watu wameketi mezani, muziki umekolea. Mara steji yote inasukumwa mbele kama boksi tupu, na maji yanazoa wasanii kwa watazamaji. Kati ya wanamuziki wanne wa bendi, mwimbaji Ifan pekee ndiye aliyetoka hai. Mkewe pia alifariki.

Ukiitazama unajiuliza: kwani hawa wasee hawakusikia onyo? Ukweli ni kwamba hakukuwa na onyo. King'ora hakikulia, wala ardhi haikutikisika kiasi cha kumshtua mtu.

Chanzo kilikuwa mlima wa volkano katikati ya bahari, unaoitwa Anak Krakatau, yaani Mtoto wa Krakatau. Mzazi wake, Krakatau, alilipuka Agosti 1883, na zaidi ya watu 36,000 wakafa, wengi wao kwa mawimbi. Mtoto akaanza kuchomoza majini mwaka wa 1927, ukingoni mwa shimo kubwa lililoachwa na mlipuko huo. Kila alipolipuka alijirundikia majivu na mawe. Si umeona lori likimwaga mchanga kando ya mtaro? Rundo linapanda, linapanda, halafu upande mmoja unateleza wote mara moja. Basi usiku ule ubavu wa kusini magharibi wa mlima uliporomoka baharini. Kilele kilichokuwa na urefu wa mita 338 kikabaki kama mita 110.

Tsunami tuliyoizoea kusikia huletwa na tetemeko: sakafu ya bahari inainuka au kushuka ghafla na kusukuma maji yaliyo juu yake. Hii nyingine ni kama kutupa jiwe kubwa kwenye karai. Wimbi huwa kali sana karibu na mahali jiwe lilipoangukia, kisha nguvu hupungua likienda mbali. Kwa hivyo halivuki bahari nzima kama lile la tetemeko kubwa, lakini wanaoishi karibu hawapati muda. Pwani ya Java ilifikiwa kwa takriban nusu saa, na sehemu nyingine maji yalipanda zaidi ya mita 10. Zaidi ya watu 400 walikufa na maelfu ya wengine wakaachwa bila makao.

Sasa hapa ndipo inapouma. Mwaka wa 2012 wanasayansi walikuwa wamechapisha utafiti uliokadiria kitu hichohicho: ubavu huohuo ukianguka, wimbi litafika pwani ya Java kwa chini ya saa moja. Lakini mfumo wa onyo wa Indonesia ulikuwa umetegeshwa kusubiri tetemeko. Tetemeko halikuja, mashine zikanyamaza. Sutopo Purwo Nugroho, msemaji wa shirika la kukabiliana na majanga, alisema wazi kwamba maboya ya kutambua tsunami hayakuwa yakifanya kazi tangu 2012. Mwanzoni maafisa hata walisema si tsunami, ni bamvua tu kwa sababu ya mwezi mpevu. Baadaye wakaomba radhi.

Unaweza kusema, "Hiyo ni Indonesia, sisi tuko salama." Ni kweli hatuna volkano hai kando ya ufuo wetu. Lakini bahari ni hiyohiyo moja. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilianzia Sumatra, ikaua karibu watu 300 Somalia na mtu mmoja hapa Kenya. Siku hiyo tulikuwa na bahati ya umbali: wimbi lilichukua saa nyingi kufika, na watu wakaondolewa ufuoni. Msee wa Tanjung Lesung hakuwa na saa hizo.

Kwa hivyo Desemba hii ukishuka Mombasa, Watamu au Diani na kundi lako, fahamu mambo machache. Bahari ikirudi nyuma kwa njia isiyo ya kawaida, au ikijaa ghafla, au ukisikia mngurumo usioeleweka kutoka majini, ondoka. Usisubiri king'ora wala ujumbe wa simu. Nenda kwa miguu mbali na maji au panda ghorofa la juu la jengo imara. Waambie walio karibu nawe, hata wakikucheka. Na wimbi la kwanza likipita usirudi kuchukua viatu, maana mara nyingi lina wenzake nyuma.

Video utachukua ukiwa juu.