Fedha za chaki na vitabu shuleni zinatoka wapi?

Elimu bila malipo haina maana kwamba chaki na vitabu havinunuliwi. Vinanunuliwa, na mzazi wa Kansay, wilayani Karatu, ana haki ya kujua kwa fedha ipi. Tunaeleza vyanzo vinne.

Cha kwanza ni ruzuku ya uendeshaji. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kugharamia vitabu, ambavyo shule huletewa. Zinazobaki, 6,000, huingia kwenye akaunti ya shule. Sekondari ni shilingi 25,000, na nusu yake ni ya vitabu.

Tupige hesabu. Shule ya msingi yenye wanafunzi 500 inastahili kupokea shilingi 3,000,000 kwa mwaka, sawa na 250,000 kwa mwezi. Fedha hiyo inanunua chaki na karatasi, lakini pia inagharamia mitihani, ukarabati mdogo, michezo na kazi za ofisi. Kiwango cha 10,000 kilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, na bei za dukani hazikubaki pale. Ndiyo maana hata mwalimu mkuu mwaminifu hupungukiwa.

Tena, ruzuku hufuata idadi ya wanafunzi. Watoto 40 wasipoingizwa kwenye takwimu, shule inakosa shilingi 240,000.

Cha pili ni shamba la shule. Mahindi au mbaazi zikiuzwa, kamati ya shule inaweza kuamua sehemu ya fedha inunue vifaa. Mauzo yaandikwe na wazazi wasomewe.

Cha tatu ni Mfuko wa Elimu wa Taifa, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA). Shule zenye uhitaji huomba msaada huko. Mwalimu mkuu aanze kwa kuzungumza na ofisi ya elimu ya halmashauri.

Cha nne ni michango ya wazazi na wadau. Hii ni ya hiari. Mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga.

Kuna nafuu nyingine isiyo ya fedha taslimu: vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinasomwa bure kwenye Maktaba Mtandao yake. Ukiwa na simu janja, unachohitaji ni bando.

Kabla ya kukubali mchango mpya, uliza maswali matatu kwenye mkutano wa wazazi. Ruzuku iliyoingia mwaka huu ni kiasi gani? Imenunua nini? Wanafunzi waliohesabiwa ni wangapi? Majibu yanapaswa kuwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Kama hayapo, mwenyekiti wa kamati ya shule ndiye wa kuulizwa kwanza.