Je, Wajua? Bata Bukini Aliyeanza Akiwa Farasi

Je, wajua kwamba Waingereza wanapolalamika kuwa wametumwa kumfukuza bata bukini wa mwituni, msemo wao asili yake ni mbio za farasi?

Leo msemo huo humhusu anayehangaika kutafuta kisichopatikana. Ameelekezwa mtaa huu, kafika kaambiwa ni ule, na jioni anarudi mikono mitupu. Sisi tungesema kazungushwa.

Lakini katika Uingereza ya karne ya 16, hilo lilikuwa jina la mashindano. Wapanda farasi wawili walianza kwa kukimbia yadi 240, karibu mita 220. Aliyetangulia hapo alipata ruhusa ya kwenda atakako: akate kona, aruke mtaro, apite matopeni. Wa nyuma hakuwa na hiari. Ilimbidi afuate njia ileile, bila kuachwa zaidi ya umbali waliokubaliana, na akizembea, waamuzi waliopanda farasi kando yao walimhimiza kwa mijeledi. Aliyemwacha mwenzake mbali kabisa ndiye mshindi. Jina lilitokana na jinsi bata hao wanavyoruka kwa mfuatano, wa mbele akikunja nao wanakunja. Ndege mwenyewe hakuna aliyemsaka.

Shakespeare aliyatumia mashindano hayo katika Romeo and Juliet, tamthilia iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1597. Romeo na Mercutio wanatupiana maneno ya utani, Romeo anamhimiza mwenzake kama mtu anayemchochea farasi, na Mercutio anasalimu amri: ikiwa ni mbio za aina hiyo, yeye hawezi. Watazamaji wa wakati ule hawakuhitaji kufafanuliwa.

Kisha mashindano yakafa, msemo ukabaki yatima. Kufikia mwaka 1755, kamusi ya Samuel Johnson iliueleza kuwa ni kukifuatia kitu ambacho kukamatwa kwake ni kugumu kama kwa bata bukini wa mwituni. Farasi hawamo tena. Ni kosa, ila kwa maoni yangu limeuboresha msemo.

Na huku kwetu jina la ndege huyo lina vituko vyake. Bukini ni jina la kale la Kiswahili la Madagaska, ilhali asili ya bata bukini wafugwao ni Ulaya na Asia. Anayemtafuta kwa kulifuata jina lake atavuka bahari bure.