Mali Bila Daftari: Jiwe la Uluguru na Fedha Chafu

Mtu asimamaye mjini Morogoro asubuhi na kuinua macho yake huiona milima ya Uluguru imejitanda mawingu. Kutoka huko hushuka ndizi, mboga za Mgeta, viungo, na maji ya mto Ruvu yanywewayo Dar es Salaam. Hushuka pia kitu kisichoonekana kwa urahisi, maana huja mfukoni: jiwe jekundu la rubi, lichimbwalo Matombo, upande wa mashariki wa milima hiyo. Kusini zaidi, katika milima ya Mahenge mkoani humo humo, hutoka rubi na spineli zilizojipatia sifa duniani.

Leo twataka kulizungumzia jiwe hilo pamoja na fedha chafu. Wengi wetu tusikiapo habari za utakasishaji wa fedha haramu na ugharamiaji wa ugaidi, hudhani kwamba hayo ni mambo ya mabenki makubwa, au ya visiwa vidogo ambako matajiri wa dunia hufungua makampuni yasiyo na wafanyakazi. Ni kweli kwamba visiwa vimo hatarini. Mauritius iliwekwa katika orodha ya uangalizi ya FATF, kikosi cha kimataifa kilichoundwa Paris mwaka 1989, hapo Februari 2020, ikatolewa Oktoba 2021. Lakini je, ni kitu gani hasa kinachokitia kisiwa hatarini? Ni fedha nyingi za wageni kupita mahali penye macho machache ya kuzitazama. Kwa kipimo hicho, hata kijiji cha machimbo kilichoko mlimani ni kisiwa.

Tutazame jinsi kazi hiyo ifanywavyo. Mwizi wa mali ya umma, au mfanya biashara ya dawa za kulevya, ana mamilioni ya shilingi asiyoweza kuyaeleza. Akiyapeleka benki ataulizwa. Basi huja mlimani akanunua mawe kwa fedha taslimu. Jiwe ghafi halina bei moja ijulikanayo na wote, wala halihitaji lori. Hupita mikono miwili mitatu bila stakabadhi, huvuka mpaka, huuzwa ng'ambo, na malipo yake hurudi yakiitwa faida ya biashara. Hapo mwizi hujenga nyumba, na majirani humwita tajiri mwenye bidii. Mgharamia ugaidi yeye aweza kuanza na fedha halali kabisa. Uovu wake u mwishoni, pale fedha hizo zinapogeuka kuwa damu.

Damu hiyo twaijua. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao wananchi waliokuwa katika shughuli zao. Katika kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001, ilielezwa kwamba Wadih el-Hage, aliyepata kuishi Nairobi, alikuwa pia mfanya biashara ya vito, tanzanite ikiwamo. Mwisho wa mwaka huo magazeti ya Marekani yakaandika juu ya tanzanite na al-Qaeda, na maduka makubwa, Tiffany miongoni mwao, yakaacha kuiuza. Ilibidi wafanya biashara na wajumbe wa Serikali yetu wakutane Tucson, Arizona, Februari 2002, na kukubaliana juu ya hati za kuonyesha jiwe limetoka wapi. Serikali ya Marekani ilisema haikuona ushahidi kwamba magaidi walikuwa wakinufaika na tanzanite wakati huo. Lakini soko lilikuwa limekwisha kutikisika. Mchimbaji wa Mirerani aliadhibiwa kwa jina baya tu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Tangu hapo nchi yetu imetunga sheria ya kudhibiti fedha haramu ya mwaka 2006, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2009. Hata hivyo, Oktoba 2022 FATF iliiweka Tanzania katika orodha ya uangalizi, mlima na kisiwa pamoja, na hatukutoka humo mpaka Juni 2025. Kutoka kwenye orodha si mwisho wa kazi.

Hapana budi kupima hatari kwa haki. Kumkagua mama auzaye ndizi, au kuibana VICOBA ya kijiji kwa makaratasi, huku mnunuzi mwenye mkoba wa fedha taslimu akipita bila swali, ni kulinda dirisha na kuacha mlango wazi. Kanuni za FATF zenyewe zataka ukali mahali penye hatari kubwa na wepesi mahali penye hatari ndogo. Viongozi wa wilaya na watumishi wa madini yawapasa kuikumbuka kanuni hiyo.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Mchimbaji auze jiwe lake katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, apate bei ya wazi na stakabadhi. Kijana asikubali kumwazima mtu kitambulisho chake wala laini yake ya simu kwa ujira wa siku moja. Siku ya mashitaka, jina litakalosomwa ni lake. Wakala wa fedha za simu amtazame mteja, asiitazame kamisheni peke yake. Mfanya biashara mwaminifu naye ajue kwamba hawezi kushindana na mnunuzi asiyetafuta faida, ambaye yu radhi kupata hasara ili fedha yake iwe safi. Akikaa kimya, atafukuzwa sokoni.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Rubi ya Matombo ni mali ya nchi hii. Tuiandike ingali mikononi mwetu.