Mto Tana hupiga hodi mapema, lakini wakazi wa Garsen hawahami

MLIMA Kenya ni volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, na hakuna mkazi wa Garsen anayelala akihofia moto wake. Hata hivyo, ni katika miteremko ya mlima huo na safu za Aberdare ambako Mto Tana huchota maji na udongo, kisha ukasafiri takriban kilomita 1,000 hadi Bahari Hindi karibu na Kipini. Udongo huo ndio uliowaweka watu katika delta ya Tana. Maji yaliyouleta ndiyo huwafukuza.

Kwa wakulima wa Kipokomo, mafuriko ya kadiri si maafa bali ni msimu. Mto unapopanda wakati wa mvua za masika, na tena wakati wa vuli, maji hujaza mabonde na maziwa kama vile Shakababo na Bilisa. Yanaposhuka, huacha tope la kupanda mpunga na samaki wa kuvua. Wafugaji wa Kiorma na Kiwardei nao huteremsha mifugo delta wakati wa kiangazi, malisho ya mbali yanapokauka. Vijiji vingi vya wakulima vimejengwa juu ya kingo za mto zilizoinuka kidogo: mahali pakavu mafuriko yakiwa madogo, na kisiwa yakiwa makubwa.

Wanaouliza kwa nini watu hao hawahami moja kwa moja wangeweza kuwauliza pia wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa nini hujenga upya juu ya mawe ya Nyiragongo. Januari 17, 2002, lava ya volkano hiyo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Mei 22, 2021, ililipuka tena usiku bila wataalamu kutangulia kutoa onyo.

Mto Tana, kinyume na volkano hiyo, hauviziii watu. Maji yanayotoka nyanda za juu huchukua siku kadhaa kupita Garissa, Bura na Hola kabla ya kuwasili Garsen. Aidha, juu ya mto kuna mabwawa matano ya umeme yanayosimamiwa na kampuni ya KenGen: Kindaruma, lililokamilika mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, la mwaka 1981, ndilo kubwa zaidi. Likifikia mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, maji huanza kumwagika, na kampuni hiyo huwatahadharisha wakazi wa chini.

Lakini mabwawa hayo yamebadilisha tabia ya mto. Katika miaka ya kawaida huzuia maji na sehemu kubwa ya udongo, hivyo mafuriko madogo ambayo mkulima aliyahitaji yamepungua. Mvua ikizidi na mabwawa yakajaa, hayana tena uwezo wa kuzuia, na mafuriko makubwa hupita. Mkulima amebaki na hasara za pande zote mbili.

Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilibomoa hata miundombinu ya mradi wa mpunga wa mamlaka ya TARDA katika delta. Mwaka 2018 maelfu walihama tena. Oktoba 2023, baada ya wataalamu wa hali ya hewa kuonya kuhusu El Nino, Rais William Ruto alitangaza kwamba mvua hizo hazingefika kiwango hicho. Kabla ya mwaka kumalizika, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini, na Kaunti ya Tana River ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika vibaya. Aprili 2024, barabara ya Garissa ikiwa chini ya maji, boti iliyobeba abiria ilizama karibu na Madogo.

Onyo, hata likiwa sahihi, humkuta mtu mwenye maswali ambayo redio haijibu. Mbegu zitabebwa na nini? Mifugo itapitia wapi? Nani ana mtumbwi? Zaidi ya hayo, ardhi iliyoinuka ina wenyewe. Katika mapigano ya mwaka 2012 na 2013 kati ya Wapokomo na Waorma, zaidi ya watu 100 waliuawa, na mgogoro wa ardhi, maji na malisho ulikuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Kumwambia mkulima apande juu, au mfugaji apitishe ng'ombe kando ya shamba la jirani, ni kumtaka aingie katika mazungumzo ambayo hayamaliziki kwa siku nne za tahadhari. Mazungumzo hayo yangepaswa kufanywa wakati wa kiangazi, mto ukiwa umelala, na njia za mifugo pamoja na viwanja vya kambi vikubaliwe na wazee wa pande zote.

Maji yanapopungua, wengi hawangoji kambi zifungwe rasmi. Mpunga hupandwa tope lingali bichi, na anayechelewa hukosa mavuno ya msimu huo.